Dawa ndani ya kiputo cha mafuta na viungo vya watu wa Buha

Kwa mkulima wa kijiji cha ndani wilayani Kasulu au Kibondo, baridi yabisi huhesabiwa kwa nauli. Kuna bodaboda ya kumtoa kijijini hadi barabara kuu, kuna gari la kumfikisha mjini, kuna safari ya kurudi, na juu ya hayo kuna siku nzima ya shamba iliyokwenda. Akipewa rufaa ya Maweni, hospitali ya mkoa iliyoko Kigoma mjini, anaongeza gharama za kulala. Akielekezwa hospitali ya Bugando, Mwanza, ukoo unakaa kikao. Na ugonjwa wenyewe si wa safari moja. Ukishakupata, unaishi nao.

Nimeanza na nauli makusudi, kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza huandikwa kila mara kama habari ya maabara. Kwa zaidi ya miaka 40, watafiti wa Ulaya, Marekani na Asia wamekuwa wakijaribu kufungia dawa za viungo ndani ya viputo vidogo mno vya mafuta, viitwavyo liposomu, ili dawa ikusanyike kwenye kiungo kinachoumwa na ifanye kazi huko kwa siku nyingi. Mimi nazisoma habari hizo nikiwafikiria watu wa vijiji vya Mabamba na Heru Ushingo. Mgonjwa wa London ana daktari bingwa jirani na duka la dawa lililojaa. Sindano moja inayodumu siku nyingi itampunguzia usumbufu. Kwa mwanamke wa Buha, yaani huku Kigoma, sindano hiyohiyo inaweza kuamua kama atatibiwa au hatatibiwa.

Si kila maumivu ya viungo ni ugonjwa huu. Mzee ambaye goti linamuuma akipanda kilima na linapoa akikaa, mara nyingi gegedu yake imesagika kwa umri na kazi. Baridi yabisi ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe. Inashambulia utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani. Utando huo huvimba, hujaa damu na seli za kinga, hunenepa, kisha huanza kula gegedu na hatimaye mfupa. Huanzia mara nyingi kwenye vifundo vya vidole na vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na takribani asilimia 70 yao ni wanawake.

Utazame alfajiri, ndipo unapoonekana vizuri. Vidole vimevimba kwenye maungio na havikunjiki. Kifuniko cha dumu la maji kinakataa kufunguka. Fundo la kanga ya kumbebea mtoto halikazi. Hali hiyo hukaa saa nzima, wakati mwingine zaidi, ndipo vidole vianze kulegea. Kumenya muhogo kunataka kisu kikazwe kwa dole gumba. Kusonga ugali wa muhogo, unaovuta mwiko kuliko wa mahindi, kunataka vifundo vya mikono vyote viwili viwe na nguvu. Maharage, ambayo ndiyo pesa ya familia nyingi huku, yanapaliliwa kwa mkono na kupurwa kwa mkono. Tabibu mzoefu anaweza kuushuku ugonjwa kabla hata ya kipimo. Anashika kiganja cha mgonjwa kama anayemsalimia, kisha anavibana taratibu vifundo vinne vya vidole kwa pamoja. Mgonjwa akiurudisha mkono kwa maumivu, kuna jambo la kufuatilia.

Nyanda za juu za Kigoma zina baridi, hasa usiku wa Juni na Julai, na maumivu huzidi asubuhi. Kwa hiyo watu wameamini kwamba baridi ndiyo inayoleta ugonjwa. Baridi inaweza kuongeza kukaza kwa viungo, lakini haiwashi moto huo wa ndani. Imani hiyo ina gharama kubwa. Mgonjwa anatafutiwa sweta, mafuta ya kuchua, chale, halafu diklofenaki ya dukani inayotuliza maumivu huku ikimchimba vidonda vya tumbo, na utando wa kiungo unaendelea kula mfupa kimyakimya. Miezi ya mwanzo ndiyo ambayo dawa ingeokoa kiungo zaidi. Kidole kikishapinda, hakuna kidonge kitakachokinyoosha.

Hata anayewahi hospitali hajavuka salama. Yako magonjwa mengi yanayofanana na huu: brusela inayotokana na maziwa yasiyochemshwa, kifua kikuu cha mifupa, hata chikungunya, homa ya virusi ambayo dunia iliijua kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, na ambayo huweza kuacha viungo vikiuma kwa miezi. Kipimo cha damu kinachotumika sana kuutafuta ugonjwa huu huweza kutoa jibu la ndiyo kwa mtu mwenye malaria, kifua kikuu au homa ya ini ilhali hana baridi yabisi. Katika mkoa wenye malaria kama Kigoma, karatasi ya maabara peke yake haitoshi. Mikono ya mgonjwa lazima itazamwe na kushikwa.

Dawa zipo, na nyingine ni za zamani. Wengi wetu tunaikumbuka klorokwini, dawa chungu ya malaria ambayo Tanzania iliiacha kuwa tiba ya kwanza mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, leo ni dawa ya viungo duniani kote. Madaktari waliligundua hilo kwa wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia waliokuwa wakimeza dawa za malaria za jamii hiyo, na maradhi yao ya ngozi na viungo yakapungua. Lakini nguzo ya matibabu ni methotreksati. Humezwa mara moja kwa wiki, pamoja na foliki asidi ya kupunguza madhara. Narudia kwa sababu kosa hili limeua watu katika nchi nyingi: ni mara moja kwa wiki, siku ileile ya wiki. Anayeimeza kila siku anaua uboho wake, yaani kiwanda cha damu. Haitumiwi na mjamzito wala anayepanga kushika mimba, jambo linalotaka mazungumzo ya wazi na kila mwanamke wa umri wa kuzaa. Na humtaka mgonjwa apimwe damu na ini, mara kwa mara mwanzoni, kisha kila baada ya miezi michache. Hapo nauli inarudi tena.

Halafu iko prednisoloni, ya jamii ya steroidi. Mwaka 1948 Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa mgonjwa aliyekuwa hawezi kutembea homoni ya jamii hii, na ndani ya siku chache mgonjwa akainuka. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel. Sherehe haikudumu, kwani dawa inayozima moto wa viungo iligundulika pia kuwa inapunguza uimara wa mifupa, inapandisha sukari na shinikizo la damu, inadhoofisha kinga, inaufanya uso uvimbe. Huku kwetu uso wa namna hiyo husifiwa. Mtu anaonekana amenawiri, maumivu yamekwisha, anashukuru duka lililomuuzia bila cheti. Baada ya miezi anavunjika nyonga kwa kuanguka kidogo. Au anaiacha dawa ghafla na kuzidiwa, kwa kuwa mwili ulishaacha kutengeneza homoni yake wenyewe.

Shida ya prednisoloni ni kwamba kidonge kikishayeyuka, dawa husambaa mwili mzima. Inayofika kwenye kile kifundo cha kidole ni chembe tu ya kilichomezwa, na baada ya saa chache imekwishatolewa. Ili kiungo kipate cha kutosha, mwili wote hulazimika kuoga dawa. Hapo ndipo viputo vya mafuta vinapoingia.

Kila jiko la Kigoma linajua mawese na maji hayachanganyiki. Lakini yapo mafuta ya namna nyingine, kama lesithini iliyo kwenye kiini cha yai na katika soya, ambayo molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Ukiyatia majini, yanajipanga yenyewe katika tabaka mbili, mikia ikitazamana ndani na vichwa vikielekea maji, kisha tabaka hilo linajifunga kuwa kiputo chenye maji katikati. Utando wa seli zetu umejengwa kwa mpango huohuo. Mwingereza Alec Bangham na wenzake waliona viputo hivyo kwa hadubini ya elektroni mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika taasisi ya Babraham karibu na Cambridge. Miaka kumi baadaye Gregory Gregoriadis na wenzake walikuwa wakisema viputo hivi vinaweza kubeba dawa. Dawa inayoyeyuka majini hukaa katikati, na inayopenda mafuta hukaa ukutani. Kiputo cha dawa huwa na upana wa nanomita 100 hivi. Inahitajika safu ya viputo mia kadhaa ili kulingana na unene wa unywele mmoja.

Kinachonivutia zaidi ni sababu ya viputo hivyo kwenda kwenye kiungo. Mishipa midogo ya damu iliyo mizima imeshonana vizuri, na kitu cha ukubwa huo hakipenyi kirahisi. Mishipa ya utando uliovimba inavuja. Kiputo kinachozunguka na damu kinapopita hapo hutokea kwenye mwanya na kuingia ndani ya kiungo, na humo kinakutana na makrofaji, seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vitu vigeni. Seli hizo ndizo zinazochochea sehemu kubwa ya uharibifu. Zinakimeza kiputo, na dawa inafunguka tumboni mwa mkosaji mwenyewe. Ugonjwa unakuwa umefungua mlango wa tiba yake.

Ini na wengu pia vina makrofaji, na viputo vya kwanza vilikuwa vikinaswa huko kabla havijafika mbali. Suluhisho lilikuwa kuvivika koti la polimeri linalovuta maji, na kwa koti hilo baadhi ya liposomu huzunguka kwenye damu kwa siku kadhaa. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya namna hiyo, Doxil. Kwa upande wa viungo, watafiti wa Uingereza walikuwa wameanza mapema zaidi, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa kudunga steroidi yenye viputo moja kwa moja kwenye viungo vya sungura, kisha vya wagonjwa wachache. Mwaka 2000 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, waliwadunga gotini wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji viputo vyenye dawa ya kuua makrofaji, na seli hizo zikapungua kwenye utando. Mwaka 2003 kundi la Utrecht, akiwemo Josbert Metselaar na Gert Storm, lilitangaza matokeo ambayo bado yananishangaza: panya wenye viungo vilivyovimba walichomwa mshipani prednisoloni ya liposomu mara moja tu, na uvimbe ukatoweka kwa karibu wiki nzima. Dozi ileile isiyofungwa haikufua dafu. Majaribio kwa binadamu yalifuata Ulaya.

Hata hivyo, mpaka leo hakuna dawa ya liposomu iliyoidhinishwa kwa baridi yabisi. Anayemuuzia mgonjwa “dawa ya nano” ya viungo anamdanganya.

Kwa nini zaidi ya miaka 20 imepita bila dawa hiyo tangu wale panya wa Utrecht? Jibu moja, kwa maoni yangu, ni kwamba nchi tajiri zilipata njia nyingine. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha adalimumabu, na kabla yake na baada yake zimekuja dawa nyingine za kibayolojia zinazozuia ujumbe wa kemikali unaochochea uvimbe. Zinafanya kazi vizuri, zikaleta faida kubwa, na haja ya kukamilisha viputo ikapoa. Lakini dawa hizo ni ghali, zinataka jokofu tangu kiwandani hadi mkononi mwa mgonjwa, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Yaani zimejengwa kwa mazingira yasiyo ya Kasulu. Njia iliyopoa huko ndiyo ambayo ingetufaa zaidi huku, na sioni ni haki iachwe kwa sababu tu wagonjwa wenye pesa hawaihitaji sana.

Wapo watakaosema liposomu ni anasa ya hospitali kubwa. Afrika Mashariki ina ushahidi wa kuwajibu, ingawa kwa ugonjwa mwingine. Amfoterisini B ni dawa kali ya fangasi inayotumika kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka, ambayo huua wagonjwa wengi wa Ukimwi. Ikiwa ya kawaida huharibu figo na kushusha damu, na ilibidi itolewe kwa dripu kila siku kwa wiki nzima au zaidi. Ikifungwa ndani ya liposomu, kwa jina la AmBisome, madhara hupungua. Utafiti wa AMBITION, uliofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, ulilinganisha dozi moja kubwa ya dawa hiyo ya viputo na siku saba za dawa ya kawaida, pamoja na vidonge vya fangasi. Matokeo yalichapishwa Machi 2022. Baada ya wiki 10, asilimia 24.8 ya waliopata dozi moja walikuwa wamefariki, dhidi ya 28.7 ya wale wa siku saba, na madhara makali yalikuwa machache zaidi. Mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Dripu ya siku moja badala ya siku saba: muuguzi yeyote wa wodi iliyojaa anajua thamani ya hesabu hiyo.

Nataka msomaji aione kazi yenyewe ilivyo. Kichupa kina unga wa manjano wa miligramu 50. Muuguzi anatia mililita 12 za maji safi ya sindano na kutikisa kwa nguvu kwa nusu dakika, mpaka uwe maji ya manjano yenye ukungu. Anavuta kwa bomba la sindano, anapitisha kwenye chujio dogo, anaongeza kwenye dripu ya glukosi. Asitumie kabisa maji ya chumvi, kwani chumvi huvifanya viputo vigandane. Vichupa visivyofunguliwa havihitaji jokofu, mradi joto lisizidi nyuzi 25, na hali ya hewa ya Kasulu inasaidia kwa hilo. Ni kazi ya uangalifu, lakini hospitali ya wilaya inaiweza, na ya misheni kama Kabanga pia.

Bei ndiyo mlima. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji vichupa 12, yaani dola 195. Ni ahueni kubwa ukilinganisha na bei za Ulaya, na bado ni pesa ambayo familia ya mkulima haina. Dawa ya viungo, inayorudiwa maisha yote, ingepaswa kuwa nafuu zaidi ya hapo. Kuna na hatari za mwili. Baadhi ya watu, viputo vinapoanza tu kuingia mshipani, hupata kubanwa kifua, maumivu ya mgongo na wekundu wa uso, kwa hiyo havichomwi mahali pasipo na adrenalini na mtu anayejua kuitumia. Na steroidi itakayokaa mwilini siku nyingi haiwezi kurudishwa ikiwa mgonjwa atabainika ana kifua kikuu. Kumpima kwanza ni lazima.

Majaribio yajayo yafanyike na huku. Hospitali ya KCMC ya Moshi, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow, imepita kaya kwa kaya wilayani Hai kuchunguza maradhi ya viungo na namna yanavyokula kipato cha familia. Kwa hiyo kuna watafiti Watanzania wenye uzoefu wa kazi hii. Kinachopaswa kupimwa si uvimbe peke yake, bali pia safari ngapi mgonjwa ameepushwa. Wakumbukwe na wakimbizi wa Kongo na Burundi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996, na maelfu wamezeekea humo. Kwao, kutoka kambini kwenda hospitali ya mbali kunahitaji kibali, na nauli inafuata baadaye.

Wakati tunasubiri, lipo linalowezekana sasa. Mtu mwenye vifundo vya vidole vilivyovimba mikono yote miwili, vinavyokaza asubuhi zaidi ya nusu saa, na hali hiyo ikapita wiki sita, asirudishwe nyumbani na diklofenaki. Apelekwe kwa daktari wa wilaya, na daktari awe na namna ya kuzungumza kwa simu na bingwa wa Bugando au Muhimbili, ili mgonjwa asisafiri kwa swali linaloweza kujibiwa kwa picha ya mikono na majibu ya maabara. Kliniki za VVU zimekwishaonyesha kwamba mtu aliyetulia anaweza kupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mara moja. Mgonjwa wa methotreksati aliyetulia naye hupimwa damu kila baada ya miezi mitatu hivi. Siku hiyohiyo anaweza kutolewa damu, kusomewa majibu, na kukabidhiwa dozi 12 au zaidi za vidonge kwa wiki zinazokuja, kila dozi ikiwa imefungwa peke yake na kuandikwa siku ya kumezwa: Jumapili, baada ya kanisa, au Ijumaa, baada ya swala.